Kompyuta Mbili Katika Nyumba Moja

Mwanafunzi wa sekondari akirudi nyumbani likizo, si ajabu akute kwamba kazi yake ya kwanza si kulima wala kuchota maji, bali ni kuitwa mbele ya kompyuta. Mzazi humwambia, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma mambo haya. Hebu tazama, mashine hii haiioni ile." Katika Ngara mjini, Kabanga, Rulenge, Nyakahura na Biharamulo siku hizi ziko nyumba zenye kompyuta mbili au tatu: moja ya mzazi aliye mwalimu au nesi, moja ya kijana aliye chuoni, na pengine moja iliyowekwa katika duka dogo la steshenari upande wa mbele wa nyumba, pamoja na mashine ya kuchapa. Wenye nyumba wapenda faili iliyomo katika kompyuta ya chumbani ifunguliwe dukani bila ya mtu kuinuka. Leo jambo hilo hufanyika vizuri kabisa. Kesho hukataa, na kila mtu aapa kwamba hakugusa kitu.

Makala hii yaeleza kwa nini hukataa, na jinsi ya kuitafuta sababu. Faili inayotoka kompyuta moja kwenda nyingine hupita vituo kadha njiani. Fundi mwema hutafuta kwanza ni kituo gani kilichoikwamisha, ndipo aguse kitu. Fundi mbaya hufungua milango yote kwa mara moja. Faili hupita kweli, lakini na wezi nao hupita.

Yafaa kwanza tuulize kwa nini mtu ajisumbue, na flashi zipo. Zipo, nazo ni kama matarishi wa zamani waliotumwa kwa miguu na barua za serikali kutoka maboma kama lile la Biharamulo, walilolijenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Tarishi hufika, lakini hupita kwingi njiani, na huja na mengi ambayo hakutumwa. Flashi iliyochomekwa asubuhi katika duka la kuchapa la stendi, mchana katika ofisi ya kata na jioni nyumbani, huleta virusi vya kila mahali. Wengi wetu tumekwisha kuuona ugonjwa ule ambao folda zote za flashi hugeuka kuwa alama za njia ya mkato, na mwenye flashi hulia kwamba kazi yake imepotea, kumbe imefichwa tu.

Wengine hutuma faili kwa WhatsApp kutoka chumba kimoja hadi cha pili. Hilo nalo lawezekana, lakini tupige hesabu. Video ya somo yenye megabaiti 700 ikitumwa kwa njia ya intaneti hula megabaiti 700 za bando kwa kupanda, na 700 nyingine kwa kushuka, jumla 1,400, ili ivuke ukuta mmoja wa matofali. Ikipita katika waya wa kawaida wa mtandao wa nyumbani, ule wa megabiti 100 kwa sekunde, safari nzima huchukua dakika 1 na kidogo, na bando halipungui hata chembe. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wapita katika sehemu zetu hizi kwenda mipaka ya Rwanda na Burundi, nao ni jambo la fahari. Walakini hapana haja ya kuusumbua kwa mzigo wa kutoka sebuleni hadi dukani.

Iko sababu ya tatu, nayo ni yetu sisi watu wa mpakani hasa. Rwanda na Burundi hufuata saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa 1. Kwetu ikiwa saa 4 asubuhi, ng'ambo ya daraja la Rusumo ni saa 3. Mtu akaaye Rusumo au Kabanga ajua jinsi simu inavyoweza kushika mnara wa ng'ambo bila ya kumwomba ruhusa, na saa yake ikarudi nyuma yenyewe. Kompyuta iliyoachiwa ijichagulie saa yaweza kukosea vivyo hivyo.

Sasa tuseme mwalimu aingiza alama za mtihani wa kidato cha pili. Saa 4 kamili asubuhi ahifadhi kazi katika kompyuta yake, ambayo saa yake ni sahihi. Kisha aichukua nakala kwa flashi na kumpelekea binti yake dukani, naye binti aendelea kuingiza alama mpaka saa 4 na nusu, akairudisha katika flashi ile ile. Lakini kompyuta ya dukani imeshika saa ya Bujumbura, kwa hiyo faili yake huonyesha kwamba ilihifadhiwa saa 3 na nusu. Jioni mwalimu atazama nakala mbili zenye jina moja, moja ya saa 4 na moja ya saa 3 na nusu, naye aifuta ile aionayo kuwa ni ya zamani. Kazi ya nusu saa imekwenda, pengine na alama za wanafunzi 20 pamoja nayo, wala hapana mashine yo yote iliyoharibika. Mtoto aliyepata 71 ataandikiwa kwamba hakufanya mtihani.

Mjuzi mmoja atasema kwamba diski ya Windows huandika wakati kwa saa moja ya dunia nzima, kisha huutafsiri kwa saa ya mahali, kwa hiyo kosa kama hilo haliwezi kutokea. Asema kweli kwa upande wa diski. Lakini flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao huandika saa ya ukutani tu bila kutaja ni ya nchi gani. Tena, mtu akiona saa ya kompyuta imekosea akaisogeza kwa mkono badala ya kusahihisha eneo lake, ameiharibu hata hiyo saa ya dunia. Dawa ni kuzima uchaguzi wa eneo wa kujiendea wenyewe, na kuchagua eneo la Nairobi, maana katika orodha ya Windows Dar es Salaam haimo. Zote mbili zina saa moja. Na dawa iliyo bora zaidi ni kuacha kuwa na nakala mbili. Faili ikikaa katika folda moja ambayo kompyuta zote za nyumba huifikia, hapana ya kulinganisha na nyingine.

Je, kompyuta moja hufikiaje folda iliyomo katika nyingine? Huzungumza lugha maalum iitwayo SMB. Lugha hiyo ilianzishwa na mhandisi Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Microsoft wakaichukua na kuiendeleza. Mwaka 1992 mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Canberra, Australia, jina lake Andrew Tridgell, alitoa programu ya kuziwezesha mashine zisizo za Microsoft kuisema lugha hiyo hiyo. Baadaye alipohitaji jina alitafuta kwa kompyuta maneno yenye herufi S, M na B kwa utaratibu huo, akapata Samba. Ndiyo sababu leo kompyuta ya Ubuntu na ya Windows zaweza kufungua folda moja bila ugomvi. Lugha hii ina matoleo, la kwanza, la pili na la tatu, na habari ya toleo la kwanza nitaieleza huko mbele kwa sababu ni la hatari.

Haya, tuingie katika vituo vyenyewe.

Kituo cha kwanza ni umeme, nacho ndicho ambacho watu hukipita bila kukitazama. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo iliangazwa na jenereta za dizeli za TANESCO. Na katika maporomoko ya Rusumo umejengwa mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana umeme wake sawasawa. Hata hivyo umeme hukatika, hasa mvua za radi zinapokuja. Umeme ukikatika, laptopu mbili huendelea kuwaka kwa sababu zina betri, lakini ruta iliyo kati yao imezimika. Mtu aziona mashine zote mbili zi hai, naye aanza kuchokonoa mipango ya ndani, na kumbe njia yenyewe haipo. Basi, tazama taa za ruta kabla ya kutazama kitu kingine cho chote. Ruta nyingi za nyumbani hutumia umeme wa volti 12, kwa hiyo ziko nyumba ambazo huziwasha kwa betri ya sola. Lakini soma kwanza maandishi yaliyo chini ya ruta, na uweke kifaa cha kusawazisha katikati, maana betri inayochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi.

Kama nyumba na duka vimeunganishwa kwa waya, kumbuka kwamba waya wa mtandao haupaswi kuzidi mita 100. Ule upitao nje ya nyumba uchomolewe pande zote mbili radi inapoanza, kwani waya mrefu huweza kuubeba umeme wa radi ukachoma ruta na kompyuta kwa pigo moja.

Umeme ukirudi huja tatizo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo husababisha nusu ya malalamiko ya "jana ilikuwa inafanya kazi". Ruta hugawa anwani kwa kila kompyuta, kama karani wa bweni agawavyo vitanda kwa wageni. Anwani yenyewe ni namba, mathalani 192.168.1.12. Ruta ikizimika na kuwaka tena, huenda kompyuta ya mwalimu ikapewa 192.168.1.15, na ile 12 ikaenda kwa simu ya mtoto. Kompyuta ya dukani, iliyofundishwa kwamba folda ya alama ipo kwa namba 12, hubisha hodi katika simu ya mtoto, na simu haijui habari ya folda. Hapa hapana kilichoharibika. Mwenye nyumba amehamia chumba kingine. Dawa ni kuingia katika ruta na kuiamuru iwekee kompyuta yenye folda namba moja ya kudumu. Karibu kila ruta yaweza kufanya hivyo, nayo ni kazi ya mara moja tu.

Ziko nyumba ambazo hazina ruta, bali simu ya baba ndiyo itoayo waifai. Mpango huo hufaa, na faili zipitazo kati ya laptopu mbili kwa njia hiyo hazili bando, maana hazitoki nje ya nyumba. Lakini simu ni kitu cha mfukoni. Baba akienda Rulenge sokoni, mtandao wa nyumba umekwenda Rulenge pamoja naye.

Kuzijua anwani ni jambo jepesi. Katika Windows, fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, kisha bonyeza Enter. Fanya hivyo katika kompyuta zote mbili na uandike namba ulizoziona juu ya karatasi. Kwa mtandao wa kawaida wa nyumbani, mafungu matatu ya kwanza yapaswa kufanana na fungu la mwisho litofautiane. Ukiona moja ni 192.168.1.12 na nyingine ni 192.168.43.7, basi hazimo katika mtandao mmoja: huenda moja imeshika ruta na nyingine imeshika simu ya mtu. Ukiona namba inayoanza na 169.254, maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajitungia yake mwenyewe. Hapo rudi kwenye ruta au waya. Tena iko hali moja ya hila: namba zafanana vizuri, lakini kompyuta moja imeingia kwa waifai ya wageni. Ruta nyingi huwazuia wageni wasionane na wenyeji, wala wao kwa wao. Hilo si kosa, ni kazi yake.

Anwani zikiwa sawa, jaribu kuita. Andika ping, kisha anwani ya kompyuta ya pili. Amri hii iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983, naye aliipa jina la mlio ule wa chombo cha kupimia kina cha bahari, ambacho hutoa sauti na kungoja mwangwi. Ukipata mwangwi, njia ni nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, nawe usihangaike tena na waya. Usipopata mwangwi, usikate shauri upesi, kwa kuwa mlinzi wa ndani wa Windows, aitwaye fayawoli, mara nyingi hukataza kuitikia. Ita ruta yenyewe kutoka kila kompyuta. Zote mbili zikijibiwa na ruta, lakini zenyewe haziitikiani, basi shaka iwe juu ya mlinzi, isiwe juu ya njia.

Hapa wengi hutishika bure kwa sababu ya ile orodha ya kompyuta za mtandao, ambayo huwa tupu. Orodha tupu haina maana kwamba kompyuta hazipo. Kutaja majina ni kazi ya huduma nyingine, nayo husinzia mara kwa mara. Usiingoje. Katika nafasi ya anwani juu ya dirisha la folda andika alama mbili za mkwaju wa kurudi nyuma na namba, hivi: \\192.168.1.12. Folda zikitokea, shida yako ni ya majina tu, nayo ni ndogo. Hifadhi njia ile ya namba na uendelee na kazi. Na mtu akikuelekeza utafute HomeGroup, mwambie kwamba Microsoft waliiondoa katika Windows 10 mwaka 2018. Maelezo mengi ya zamani bado huitaja, na watu hupoteza mchana mzima wakiitafuta.

Kabla hatujafika mlangoni, hakikisha kwamba kompyuta yenye folda haikulala. Laptopu iliyofunikwa, au iliyoachwa kwa dakika kadha bila kuguswa, huzima sehemu zake nyingi pamoja na waifai. Mwalimu akienda kunywa chai, duka lapoteza folda; akirudi na kugusa kibodi, folda yarudi, na watu husema mtandao una majini. Ibadilishe isilale wakati imechomekwa katika umeme.

Sasa tumefika mlangoni. Windows hugawa mitandao kwa aina mbili. Mtandao wa hadhara, ambao kwenye kioo huandikwa Public, ni kama stendi ya Nyakanazi, pale magari ya kila upande yakutanapo: mtu hufunga mfuko wake. Mtandao wa nyumbani, uandikwao Private, ni kama sebuleni kwako. Kompyuta inapoingia mtandao mpya kwa mara ya kwanza, mara nyingi huuchukulia kuwa ni wa hadhara, na hivyo hukataa mtu ye yote asibishe. Ubadilishe uwe wa nyumbani kama kweli ni wa nyumbani, kisha uruhusu ushirikiano wa faili katika aina hiyo tu. Mlinzi ataufungua mlango namba 445, ambao ndio wa lugha ya SMB.

Mlango ukifunguka utaulizwa jina na neno la siri. Hapa pana mitego miwili ambayo imewatoa watu jasho. Wa kwanza ni PIN. Mtu amezoea kufungua kompyuta kila asubuhi kwa tarakimu 4, naye huziandika hizo hizo, zikakataliwa. PIN hufungua mashine ile ile tu iliyotengenezewa, wala haisafiri katika mtandao. Linalotakiwa ni neno la siri lenyewe, ambalo pengine aliliweka miaka mitatu iliyopita na halikumbuki. Mtego wa pili ni mtumiaji asiye na neno la siri kabisa. Windows humruhusu kuingia akiwa amekaa mbele ya mashine, lakini humkataa akija kwa njia ya mtandao. Njia safi ni kumtengenezea mtumiaji mpya katika kompyuta yenye folda, jina lake, mathalani, duka, mwenye neno la siri refu, ambaye kazi yake ni kufungua folda ile tu.

Nyuma ya mlango kuna kufuli mbili, wala si moja. Ya kwanza ni ruhusa ya ushirikiano, yaani nani aweza kufikia folda kwa njia ya mtandao. Ya pili ni ruhusa ya diski yenyewe, nani aweza kusoma na nani aweza kuandika. Ile iliyo kali zaidi ndiyo hushinda. Kwa hiyo ukiona kwamba binti aweza kusoma alama lakini hawezi kuhifadhi, usirudi kwenye waya, wala ruta, wala neno la siri. Vituo vyote hivyo faili imekwisha vipita. Tazama kufuli hizo mbili, utaikuta moja imeandikwa kusoma tu.

Hata hapo, mtu aliyechoka huona njia ya mkato: azime mlinzi, aondoe neno la siri, aandike kwamba kila mtu aruhusiwe kila kitu. Folda itafunguka papo hapo, na sifa atapata. Lakini yafaa tukumbuke kilichotokea tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo ilianza kuenea programu mbaya iitwayo WannaCry, iliyopita katika kasoro ya lile toleo la kwanza la SMB. Haikuhitaji mtu afungue barua wala abonyeze kitu. Iliruka yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Kwa siku chache ilizifikia zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikafunga faili zao na kudai fedha. Katika Uingereza hospitali zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Na dawa ilikuwapo: Microsoft walikwisha kutoa masahihisho ya kasoro hiyo mwezi Machi wa mwaka ule ule, ila wengi hawakuyapokea.

Tangu mwishoni mwa 2017 Microsoft wamekuwa wakiliondoa toleo hilo katika Windows mpya. Lakini ziko mashine kuukuu za fotokopi, zilizonunuliwa mtumba, ambazo zikipiga picha ya karatasi na kuipeleka katika folda hazijui lugha nyingine ila hiyo. Fundi atakuambia, "Washa SMB ya kwanza, mambo yataisha." Yataisha kweli kwa fotokopi. Afadhali mashine hiyo ipeleke picha zake katika flashi yake yenyewe, isiyotoka hapo, kuliko kuiacha nyumba nzima na mlango ambao wezi wa dunia wanaufahamu. Nazo kompyuta nyingi za Windows 11 zilizopata toleo la mwaka 2024 zimekaza zaidi: hazikubali kuingia kama mgeni asiye na jina katika folda ya mwingine. Ndiyo maana folda iliyokuwa wazi kwa wote imekataa ghafula baada ya kompyuta kujisasisha. Jibu ni yule mtumiaji mwenye neno la siri niliyemtaja.

Na tusifikiri kwamba mambo haya ni ya hospitali za Ulaya tu. Nyumba ya mwalimu ina alama na majina ya watoto wa watu. Ya nesi yaweza kuwa na habari za wagonjwa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na karatasi ya alama iliyo wazi kwa kila mteja aliyepewa waifai ya duka ni jambo ambalo mzazi ana haki ya kuliuliza. Shirikisha folda moja tu, wala si diski nzima, na wateja wapewe ile waifai ya wageni.

Imebaki hali moja ambayo hufikiriwa kuwa kosa, nayo si kosa. Binti afungua faili ya alama, na Excel yamwambia kwamba imefungwa na mtu mwingine, aisome tu. Maana yake ni kwamba baba yake ameifungua chumbani. Kama wote wawili wangeruhusiwa kuandika kwa pamoja, wa mwisho kuhifadhi angefuta kazi ya wa kwanza. Amwite tu, "Baba, naomba uifunge faili kidogo." Ikiwa baba amekwisha kuifunga na maneno yale hayaondoki, mara nyingi ni kwa kuwa umeme au waifai ilikatika katikati ya kazi. Hapo hakikisheni kwamba hapana aliyeifungua, kisha iwasheni upya kompyuta yenye folda. Kufuli hilo litaondoka katika mara nyingi. Na ikiwa alama hizo ni za muhula mzima, chukueni nakala yake kila Ijumaa, ipewe jina lenye tarehe, na kuwekwa katika flashi ikaayo kabatini, isiyopelekwa stendi wala kwa jirani.